Mji haujajijenga wenyewe: nilichokisoma Berlin, Frankfurt na Vienna

Namba ya kwanza kunikaa kichwani nilipofika Berlin kusoma historia ya miji ni 5.34. Hizo ni mita. Mwaka 1853 polisi wa Berlin, maana enzi hizo polisi ndo walikuwa wanasimamia ujenzi, walitoa kanuni kwamba ukijenga nyumba ya kupangisha, ua wa ndani usipungue mita 5.34 kwa mita 5.34, na sababu yake ilikuwa moto: pampu ya zimamoto iweze kuingia na kugeuka. Basi. Hamna mstari unaosema mwanga ufike chumbani, hamna hewa, hamna watoto watacheza wapi. Pampu ikishageuka, mwenye nyumba kamaliza wajibu wake.

Mwalimu wetu, mama mmoja mtu mzima anayeujua mji ule kona kwa kona, hakutupa namba hiyo darasani kwanza. Alitupeleka Wedding, mtaa uliokuwa wa wafanyakazi wa viwandani, akatugawa wawili wawili, kila kundi na futi yake na karatasi, akasema pimeni ua, choreni, andikeni mnachokiona, tutaongea kesho. Ilikuwa Novemba, saa sita mchana kabisa, jua limegusa madirisha ya ghorofa ya juu tu na huku chini ni kama magharibi, ukuta una ukijani wa unyevu, mapipa ya taka, baiskeli zimefungwa kwenye bomba, na dirisha moja la chini lina taa inawaka. Mzee anayekaa pale akatoka kutuuliza tunapima nini, tukamweleza, akasema taa yake haizimwi mchana toka Oktoba mpaka Machi. Kesho yake tukasomewa ile kanuni. Nilichora upya ule mchoro usiku ule, na pembeni yake nikaandika mwaka, 1853, kwa sababu giza la yule mzee lina mwaka wake na lina watu waliolipitisha.

Kuanzia hapo nikawa na maswali matatu ninayotembea nayo kila mji: nani aliamua, nani alilipa, nani aliondolewa. Wadogo zangu mnaoniuliza kila siku kwamba kusoma usanifu Ulaya kuna faida gani wakati picha zote ziko mtandaoni, jibu langu ni hilo. Picha inakuonyesha uso wa jengo. Sisi wengi tulisomeshwa Ulaya kama mpangilio wa staili, hii Gothiki, hii Renesansi, hii Baroko, unakariri miaka, unachora nguzo, mtihani unapita, na kichwani unabaki na hisia kwamba wenzetu waliumbwa na akili ya kupanga miji halafu sisi tukaumbwa na akili ya kubanana. Nasema kwa uzito wote, hisia hiyo ni uongo na imetudhuru sana, na dawa yake niliipata kwenye vyumba vya nyaraka vya hukohuko Ulaya.

Turudi Berlin maana bado sijamaliza. Mwaka 1862 ulipitishwa mpango wa mhandisi James Hobrecht wa kupanua mji. Alichora barabara pana na vitalu vikubwa sana, na vitalu vilikuwa vikubwa kwa sababu barabara ni gharama, ukipunguza barabara umepunguza matumizi, na kilichomo ndani ya kitalu akaachiwa mwenye kiwanja. Sasa chukua kiwanja chembamba kinachoenda ndani mbali, chukua kanuni ya ua wa 5.34, chukua mji unaopokea watu kila treni ikiingia, halafu mpe mwenye kiwanja kalamu apige hesabu. Anajenga nyumba ya mbele inayoangalia barabara, nzuri, ina maua ya plasta na malaika, anapangisha kwa mwenye uwezo. Nyuma ua. Nyuma ya ua nyumba ya pili, bei chini. Ua tena. Nyumba ya tatu. Kulikuwa na jengo linaitwa Meyers Hof, Ackerstraße, la miaka ya 1870, nyua sita zimefuatana, unaingia getini unatembea tu unapita chini ya nyumba moja baada ya nyingine, na kuna kipindi waliishi humo watu kama 2,000. Mabaki yake yalibomolewa mwaka 1972. Hobrecht mwenyewe aliamini ni jambo jema tajiri na maskini kupita geti moja. Waliokaa ua wa sita hawakuulizwa.

Na majitaka je? Berlin ya mwaka 1871 ilikuwa na watu zaidi ya laki nane na haikuwa na mfumo wa majitaka. Nirudie hiyo sentensi kwa wanaoisoma haraka: makao makuu ya dola ya Ujerumani, watu laki nane na ushee, maji machafu yanapita kwenye mifereji ya wazi kando ya barabara. Kipindupindu kilikuwa kimewapiga miaka michache nyuma, mwaka 1866, daktari Rudolf Virchow akapigania sana suala la usafi, na mwaka 1873 ndo huyohuyo Hobrecht akaanza kujenga mfumo wa mabomba, mji umegawanywa kwenye kanda 12, kila kanda ina kituo chake cha pampu kinachosukuma uchafu mpaka mashambani nje ya mji. Kwa hiyo mtu akiniambia Dar imeshindikana kwa sababu Mbagala tunaita gari la kunyonya choo, namwambia hapana kaka, Dar iko kwenye sehemu ya hadithi ambayo Berlin ilikaa miaka mingi sana, wakatoka kwa kukopa, kutoza kodi na kuchimba. Hakuna muujiza pale. Kuna bajeti.

Kitu kingine nilichokipata kwenye ule ua wa Wedding ni heshima mpya kwa uani kwetu. Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni au Ilala, ile ya korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, kibaraza mbele na uani nyuma kwenye jiko, choo na kamba za kuanikia, nimekulia humo na sikuwahi kuipima hata siku moja. Niliporudi likizo nikaipima. Uani kwa bibi ni mkubwa kuliko ule wa 5.34, una mwembe, jua linaingia toka asubuhi, wapangaji wanapika, wanasuka, wanagombana, wanapatana humohumo. Hakuna polisi aliyetoa kanuni. Mafundi na wenye nyumba wenyewe ndo waliojua kipimo, na hakuna kitabu nilichopewa mwaka wa kwanza wa chuo kilichonifundisha kipimo hicho. Hilo linaniuma mpaka leo na ndo sababu nimeamua kufanya kazi hii.

Sasa kuna sehemu ya Berlin ambayo Mtanzania akifika lazima asimame. Ni hukohuko Wedding, unashuka treni ya U6 kituo cha Afrikanische Straße au Rehberge, unaanza kusoma vibao: Tangastraße. Usambarastraße. Sansibarstraße. Ugandastraße. Togostraße. Nyumba za kawaida kabisa, za wafanyakazi, nyingine zimechorwa na mabingwa wa usanifu, Mies van der Rohe ana majengo yake pale Afrikanische Straße ya mwaka 1926 na 1927, na mtaa wa Friedrich-Ebert ulioshirikisha Bruno Taut uko palepale. Majina ya kwanza yaliwekwa mwaka 1899. Mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alikuwa na mpango wa kuweka hapo bustani ya kuonyesha wanyama na watu kutoka makoloni. Watu, ndio. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, bustani haikujengwa, vibao vikabaki.

Na kulikuwa na Petersallee, iliyopewa jina la Carl Peters, yule aliyezunguka bara kwetu na mikataba yake ya ulaghai, aliyewanyonga watu kule Kilimanjaro, ambaye wazee walimwita Mkono wa Damu. Wanazi ndo waliompa barabara hiyo mwaka 1939. Mwaka 1986 jina likatafutiwa maelezo mapya, ikasemwa sasa ni kumbukumbu ya Peters mwingine, Hans Peters, kibao kikabaki vilevile. Watu wa pale, Waafrika wanaoishi Berlin na Wajerumani waliosimama nao, walipigania jambo hili miaka mingi mahakamani na kwenye vikao vya mtaa mpaka Agosti 2024 barabara ikagawanywa majina mawili, upande mmoja Anna-Mungunda-Allee, jina la mwanamke mmoja wa Namibia, upande mwingine Maji-Maji-Allee, kwa kumbukumbu ya vita ya Maji Maji. Nilipita pale na rafiki yangu wa Songea, kaka mtu mzima ambaye babu wa babu yake alipigana vita ile. Alisimama chini ya kibao akakisoma kwa sauti, akapiga picha akamtumia mama yake, mama akapiga simu palepale, na nilichosikia kwenye simu ni mama analia na kumshukuru Mungu. Historia ya miji ni pamoja na hicho kibao. Nani aliamua, nani aliondolewa.

Na ukitaka kuona uzi wenyewe unavyokwenda mpaka nyumbani ni rahisi. Mkutano wa kuigawa Afrika, mwaka 1884 mpaka 1885, ulifanyika Wilhelmstraße, Berlin. Mwaka 1891 utawala wa Kijerumani ukahamisha makao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, na mwaka huohuo ukatoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya nyumba inayoruhusiwa: huku nyumba za Kizungu tu, huku za mawe na zege, huku za miti na makuti. Imeandikwa kama sheria ya vifaa vya ujenzi, ila kila mtu alijua nani ana hela ya mawe. Waingereza walipokuja wakaiendeleza na kuikaza, wakaacha uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja katikati kutenganisha, na mpaka leo tunasema Uzunguni, Uhindini, Uswahilini kana kwamba ni majina ya milima iliyokuwepo toka enzi. Nimekulia Uswahilini. Nilikuwa nadhani Uswahilini kumetokea tu.

Frankfurt nilikaa muda mfupi zaidi lakini ndo kulinitikisa zaidi. Watalii wanapelekwa katikati kuona mji wa kale, nyumba za mbao zenye paa kali, na zinapendeza kweli. Mji wa kale huo umefunguliwa mwaka 2018. Mabomu ya vita ya 1944 yaliteketeza eneo lile, baadaye wakajenga ofisi kubwa ya zege ya halmashauri, wakaja wakaibomoa, wakajenga nyumba 35 juu ya viwanja vya zamani, 15 kati ya hizo ni nakala za zilizokuwepo. Warsaw nao walifanya jambo la namna hiyo mapema zaidi, mji wao wa kale ulibomolewa na Wanazi, wakaujenga upya wakitumia mpaka michoro ya rangi ya karne ya 18 ya Bernardo Bellotto kama ushahidi, na UNESCO ikauingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1980. Mimi siwalaumu, kwa Warsaw hasa nawavulia kofia, lakini nilipenda wanafunzi wenzangu kutoka Afrika wajue hili: hata ukongwe huwa ni uamuzi wa kikao, una mkandarasi na una risiti.

Kilichonipeleka Frankfurt hasa ni Ernst May. Huyu bwana alikuwa mkuu wa ujenzi wa mji ule kuanzia 1925 mpaka 1930, na ndani ya miaka hiyo mitano timu yake ilijenga nyumba kama 12,000 za watu wa kipato cha kawaida. Nilienda Römerstadt, mtaa mmojawapo, karibu na mto Nidda, safu za nyumba nyeupe za chini, kila moja na bustani yake nyuma ya kulima mboga. Kuna nyumba moja imehifadhiwa kama makumbusho, unaingia, unapanda ngazi nyembamba, na jikoni unakutana na lile jiko maarufu alilolibuni Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926. Upana haufiki mita mbili, urefu kama mita tatu na nusu. Ukutani kuna droo ndogo za alumini zimepangwa safu, kila moja na jina lake limeandikwa, mchele, sukari, na ina mdomo kama wa jagi ili umimine moja kwa moja kwenye sufuria. Kuna kiti cha kuzunguka, kuna ubao wa kukatia wenye tundu la kusukumia maganda. Alipima hatua za mpishi, akaangalia majiko ya mabehewa ya treni, kila sentimita ina hoja. Niliguswa sana na ile kazi, mwanamke wa miaka 29 kuchukua kazi ya jikoni kwa uzito ambao maprofesa wanaume walikuwa wanauweka kwenye makanisa. Na hapohapo nikaona mpaka wake: jiko lile ni la mtu mmoja. Mama na dada na binti hawaenei. Kwetu kupika ni watu watatu wanne na stori, ukimfungia mama kwenye mita mbili umemwondolea wenzake.

Ila ngoja niwaambie kilichonifanya nikae chini kwenye ngazi za ile nyumba. Ernst May aliondoka Frankfurt akaenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji ya viwanda, na Hitler alipoingia madarakani akawa hawezi kurudi kwao, akaja Tanganyika. Alinunua shamba karibu na Arusha akawa mkulima. Baadaye akahamia Nairobi akarudia kazi yake, Waingereza wakamweka kizuizini wakati wa vita kama raia wa adui, alipotoka akachora mpango wa kupanua Kampala, akachora na jengo la Makumbusho ya Uganda, na Moshi akalichora jengo la KNCU la chama cha ushirika wa kahawa cha Wachaga, lile la mjini lenye ghorofa, mabaraza na paa la kukaa juu. Nimepita chini ya jengo lile nikiwa mtoto kila Krismasi tukienda kwa bibi mzaa mama, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba limechorwa na mtu anayefundishwa vyuo vyote vya usanifu duniani. Limejengwa kwa hela ya nani? Ya kahawa. Ya wakulima wa mlimani waliokuwa na ushirika imara kiasi cha kumwajiri mbunifu wa namna ile.

Halafu jambo gumu. May huyuhuyu aliyempa mfanyakazi wa Frankfurt bustani na jua, alipochora Kampala mwaka 1947 aliwaweka Waafrika Naguru, wametengwa na Kololo ya wengine, na maandishi yake ya kipindi kile yanamwongelea Mwafrika kama mtu anayehitaji kupandishwa ngazi polepole. Sijui kuyapatanisha mambo hayo mawili na sidhani kama inatakiwa. Nayabeba yote, nikiongelea Römerstadt naongelea na Naguru, na mwanafunzi yeyote wa Kampala, Moshi au Nairobi anayesoma mitaa ya Frankfurt ana haki ya kudai sura hiyo ya pili iwe kwenye mtaala.

Uzi wa Ujerumani na kwetu haukuishia kwa May pia. Wazanzibari wanajua, baada ya Mapinduzi ya 1964 Ujerumani Mashariki ilisaidia kujenga magorofa ya Kikwajuni, na mpango wa mji wa mwaka 1968 ulichorwa na watu wao, Michenzani ikafuata kwa nguvu za Mzee Karume mwenyewe, mablok marefu yamepangwa kwa umbo la msalaba, mengine karibu mita 300. Shangazi yangu anakaa pale. Nilipotembea Marzahn, mashariki ya Berlin, magorofa ya vipande vya zege yaliyoanza kujengwa mwaka 1977, nilijikuta nahesabu madirisha kama nilivyokuwa nahesabu kwa shangazi. Tofauti ni kwamba Marzahn lifti zinafanya kazi na kuta zimevalishwa tabaka la kuzuia baridi, kwa sababu baada ya 1990 zilimwagwa hela za ukarabati. Matunzo ndo habari yenyewe. Jengo la zege bila fungu la ukarabati ni deni tu linalosubiri watoto.

Vienna sasa. Hapa nilikuja na lile swali la pili, nani alilipa, na Vienna ndo mji uliolijibu kwa maandishi ukutani. Unatembea mtaa wowote wa pembeni, unaona jengo kubwa la ghorofa, juu yake herufi nyekundu za chuma: limejengwa na Halmashauri ya Vienna mwaka fulani, na mengi yanaongezea, kwa fedha za kodi ya ujenzi wa makazi. Fikiria jengo linalokutajia chanzo chake cha fedha! Kodi hiyo ilianza mwaka 1923, chini ya Hugo Breitner aliyekuwa anashika hazina ya mji, na ilipangwa ipande kadiri nyumba inavyokuwa ya kifahari, mpaka nyumba chache za gharama kubwa kabisa, chini ya asilimia moja ya zote, zilibeba karibu asilimia 45 ya kodi yote. Kufika 1934 walikuwa wamejenga nyumba zaidi ya 60,000. Maarufu kuliko zote ni Karl-Marx-Hof ya Karl Ehn, imejengwa 1927 mpaka 1930, urefu unapita kilomita moja, nyumba 1,382, na majengo yenyewe yamekula chini ya robo ya kiwanja, kilichobaki ni bustani, shule za chekechea, kliniki, sehemu za kufulia. Linganisha na ua wa 5.34. Ni miaka 70 na kidogo tu kati yao, lugha ileile, hali ya hewa ileile, na kilichobadilika ni nani yuko kwenye kiti cha kuamua. Na haikuwa bure, Februari 1934 jeshi la serikali liliipiga Karl-Marx-Hof kwa mizinga wakati wa mapigano na wafanyakazi.

Mpaka leo mji wa Vienna unamiliki nyumba kama 220,000 na hauziuzi. Kanisani nilikutana na mama mmoja wa Bukavu, wote tulimwita Mama tu, anakaa nyumba ya halmashauri huko Favoriten, alinialika Jumapili tukala sombe na wali, akanitembeza jengo zima kama mwenye jengo: chumba cha kufulia na ratiba yake ukutani, sehemu ya baiskeli, bustani ambayo wanawe wamekulia. Alisubiri sana kwenye foleni kabla ya kupata, na hilo alilisema bila kuficha. Lakini aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kivu kwamba toka aikimbie vita hajawahi kulala sehemu ambayo hana wasiwasi wa kufukuzwa, na pale analala. Kwenye daftari langu la Vienna kuna michoro mingi ya nyuso za majengo, na ukurasa wenye maneno ya Mama ndo ninaoufungua zaidi.

Barcelona tulienda kwa ziara ya masomo, nitasema kwa kifupi. Kuta za mji zilibomolewa kuanzia 1854, mpango wa mhandisi Ildefons Cerdà wa kupanua mji ukapitishwa 1859, vitalu vya mita 113 hivi kila upande, kona zimekatwa, barabara za mita 20. Cerdà alitaka kila kitalu kijengwe pande mbili tu na katikati pawe bustani. Wenye viwanja wakajenga pande zote nne, halafu wakajaza na katikati. Mpango mzuri ukikosa wa kuulinda unaliwa, Dar tunajua, tumekuwa na mipango mikuu ya 1949, 1968 na 1979 na viwanja vya wazi tunavikumbuka kwa majina.

Mambo ya hela kwa ufupi maana mnaniuliza sana. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada kubwa, unalipa mchango wa muhula, ila majimbo na vyuo vingine vimeanza kutoza wageni kutoka nje ya Ulaya, kwa hiyo soma masharti ya chuo chako mwenyewe. Ubalozi utataka uthibitishe una hela ya kujikimu ya mwaka mzima, kwenye akaunti inayofungwa, na kuanzia 2024 kiwango kilikuwa euro 11,904, ndo maana wengi wanatafuta kwanza ufadhili kama wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi. Anza lugha mapema, kozi zinaweza kuwa za Kiingereza lakini fundi, jirani na karani wa nyaraka hawaongei Kiingereza cha darasani, na somo lenyewe liko kwao.

Na jifunze kusoma mwandiko wa zamani wa Kijerumani. Hili nalisisitiza kwa Watanzania, Warundi na Wanyarwanda kuliko kitu kingine chochote. Pale Lichterfelde, kusini mwa Berlin, Hazina ya Nyaraka ya Ujerumani ina mafaili ya ofisi ya makoloni, kundi linaitwa R 1001, na humo kuna habari za miji yetu, viwanja, barua. Mwandiko ni wa herufi zilizolala na kuchongoka, wiki za kwanza huelewi kitu, halafu siku moja neno linafunguka na jingine na jingine. Dar es Salaam pia, kwenye Nyaraka za Taifa, kuna mafaili ya Kijerumani, na wanaoweza kuyasoma ni wachache mno. Mji wetu una kumbukumbu zake, zimekaa kwenye maboksi zinasubiri watu wa kuzisoma.

Saa hizi niko Ilala na wanafunzi wachache wa usanifu, tunapima nyumba za Kiswahili kabla hazijabomolewa kupisha magorofa, na zinabomolewa kila mwezi. Tunapima korido, vyumba, kibaraza, uani, tunaandika fundi nani alijenga, nani alipanga, mwembe ulipandwa na nani. Kama nyumbani kwenu kuna karatasi ya zamani ya kiwanja, risiti ya kodi ya ardhi, barua ya halmashauri ya mji, ramani iliyochorwa kwa penseli na fundi, au picha ya harusi iliyopigwa uani ambapo ukuta unaonekana, msiitupe. Ipigeni picha vizuri, pande zote mbili, andikeni nyuma jina la mtaa na namba ya nyumba, na muulizeni bibi au babu leoleo kabla hamjalala, nyumba hii nani aliijenga na hela ilitoka wapi.